Presha Isiyumbe Thieta: Dawa ya Kutuliza na Maandalizi ya Upasuaji wa Matundu

Sisi tunaofanya kazi ya usingizi katika hospitali za Nairobi husikia ombi moja karibu kila asubuhi: "Daktari, nipe dawa nitulie kabla sijaingia." Anayeomba huenda amepangiwa kutolewa kifuko cha nyongo chenye mawe, kidole tumbo, uvimbe wa ovari au ngiri, na safari hii atafanyiwa kwa matundu badala ya mkato mrefu. Ombi lake ni la haki. Hofu ya thieta ni kitu halisi, na presha huionyesha. Ila dawa ya kutuliza hufanya sehemu ndogo tu ya kazi. Sehemu kubwa huanzia nyumbani, wiki mbili kabla, na mengi yake unaweza kuyafanya wewe mwenyewe na watu wako. Hatua zilizo hapa chini ni za mgonjwa pamoja na atakayemsindikiza. Msindikizaji asome pia, kwa sababu siku yenyewe yeye ndiye atakayekumbuka.

Kabla ya hatua: kinachotokea tumboni

Usiruke sehemu hii. Ukiielewa, maswali ya daktari wa usingizi hayatakuwa usumbufu tena.

Tundu la kwanza hupasuliwa karibu na kitovu, la takriban sentimita moja. Kupitia hapo tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wa tumbo uinuke na kamera ipate nafasi. Gesi hii hutumika kwa sababu haishiki moto, huyeyuka upesi kwenye damu, na mapafu huitoa nje. Mashine huisukuma mpaka presha ya ndani ya tumbo ifike milimita 12 hadi 15 za zebaki.

Mbano huo hugusa mambo kadhaa kwa pamoja. Mishipa mikubwa inayorudisha damu kutoka miguuni hubanwa, kwa hiyo moyo hupokea damu kidogo kuliko kawaida. Mwili nao hujibu kwa kumwaga homoni za adrenalini na vasopresini, mishipa midogo hukaza, na presha hupanda. Gesi inayoingia kwenye damu huongeza msukumo huo endapo mashine ya kupumulia haiitoi kwa kasi ya kutosha. Kisha kuna mlalo: kwa upasuaji wa nyongo kitanda huinuliwa upande wa kichwa, damu ikateremkia miguuni, kwa kizazi na ovari kichwa huteremshwa, damu ikarudi kifuani.

Kinyume chake kipo pia. Utando wa tumbo ukivutwa kwa ghafla, neva ya vagasi huukanyagia moyo breki. Niko kichwani pa mgonjwa, macho kwenye skrini, mapigo 78. Gesi inaanza kuingia. Ule mlio wa mashine unaanza kuachana, tiii, kimya, tiii, na namba inashuka: 70, 58, 44. "Toa gesi," namwambia mpasuaji, naye anaifungulia papo hapo bila kuuliza. Atropini, dawa ya kuharakisha mapigo, iko tayari kwenye sindano, lakini mara nyingi kutoa gesi kunatosha na mapigo yanarudi. Tunaanza tena, polepole safari hii, na dakika tano baadaye presha ya mgonjwa huyohuyo imetoka 118 hadi 155.

Katika dakika kumi, mtu mmoja ameyumba pande zote mbili. Ndiyo maana hakuna dawa moja ya kutuliza inayomfaa kila mtu. Dawa inayozuia presha kupanda inaweza, kwa njia hiyohiyo, kumwongezea moyo breki ambayo gesi nayo inaikanyaga.

Hatua ya kwanza: pima presha nyumbani, wiki mbili kabla

Presha inayopimwa wodini asubuhi ya upasuaji ina hofu ndani yake. Tukikukuta na 170 hatujui kama hiyo ni presha yako ya siku zote au ni moyo unaodunda kwa sababu umeona kitanda cha magurudumu. Daftari la vipimo vya nyumbani hutuondolea shaka hiyo.

Tumia mashine ya kufunga mkono wa juu. Zile za kifundo cha mkono hudanganya kirahisi. Kama huna, azima kwa jirani au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Mkanda uwe wa saizi yako, kwa maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha ya juu kuliko ilivyo. Kaa kitini dakika tano kabla ya kupima, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishanishwa, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala chai ya majani, usivute sigara. Usizungumze wakati mashine inasoma, hata kama simu inaita. Pima mara mbili, dakika moja kati yake, asubuhi na jioni, kwa siku saba, na uandike zote, zilizokupendeza na zisizokupendeza.

Wastani wa nyumbani ukizidi 135/85, una presha ya kupanda hata kama hujawahi kuambiwa, na kuna muda wa kuanza dawa. Miongozo ya Uingereza ya 2016, ambayo madaktari wengi wa usingizi huitumia kama kipimo, inataka mgonjwa aje akiwa amewahi kupimwa chini ya 160/100 katika mwaka uliopita, na upasuaji usio wa dharura uendelee iwapo kipimo cha kliniki ya usingizi kiko chini ya 180/110. Namba hizi zisikutishe. Sababu ya kuzitaja ni kwamba watu wengi hurudishwa nyumbani asubuhi ya siku yenyewe, wakiwa wamekaa na njaa, wameomba ruhusa kazini, na ndugu amesafiri usiku kucha kutoka Kisii au Kitui, kwa jambo ambalo lingegunduliwa siku kumi mapema. Familia ikishughulika na SHA, bima ya afya ya serikali, na malipo, presha husahaulika.

Hatua ya pili: panga dawa zako moja moja

Beba dawa zako zote kliniki, kwenye pakiti zake. Kusema "ile nyeupe ndogo" hakusaidii, kwa sababu nusu ya dawa za presha ni nyeupe na ndogo.

Kwa jumla mambo huenda hivi. Amlodipini na nifedipini ya kutolewa polepole huendelea mpaka asubuhi ya upasuaji, kwa funda la maji. Atenololi, bisoprololi, kavedilolo na nyingine za jamii hiyo ziendelee bila kukosa hata siku moja, kwa kuwa ukiziacha ghafla moyo huenda mbio. Lakini zisianzishwe asubuhi ya upasuaji kwa mtu ambaye hazitumii. Utafiti mkubwa uliotolewa 2008 ulionyesha kwamba kuanzisha metoprololi kwa dozi kubwa siku ya upasuaji kulipunguza mshtuko wa moyo lakini kukaongeza viharusi na vifo. Aliye kwenye klonidini au methaildopa ya kila siku naye asikatize.

Losartani, enalaprili na jamaa zake ndizo zenye mjadala. Hizi hulegeza mfumo ambao mwili huutegemea kuinua presha pale dawa za usingizi zinapoishusha, kwa hiyo hospitali nyingi husema ziachwe saa 24 kabla. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2024, wenye wagonjwa zaidi ya 2,000, ulikuta kwamba walioendelea nazo hawakupata madhara makubwa zaidi ya walioziacha, ila presha yao ilishuka mara nyingi zaidi mezani. Mimi bado napendelea ziachwe kwa upasuaji wa nyongo, kwa sababu pale kichwa huinuliwa na damu huteremka, na sioni haja ya kumwongezea mgonjwa sababu nyingine ya kushuka. Hospitali yako ikikuambia tofauti, fuata ya hospitali yako. Muhimu ni uulize swali hili wazi: "Hii ninywe mara ya mwisho lini?" Ukiambiwa uiache, na kwa kawaida huinywa usiku, usiinywe usiku wa kuamkia upasuaji.

Vidonge vya kukojoza huachwa asubuhi hiyo, isipokuwa daktari wa moyo aseme vingine. Dawa za kisukari zina mpango wake; ulizia kila moja. Za kuyeyusha damu ni za kuamuliwa na mpasuaji na daktari wa usingizi kwa pamoja, na mapema.

Hatua ya tatu: sema yote kwa mtu wa usingizi

Omba kuonana na daktari au mganga wa usingizi kabla ya siku yenyewe. Hospitali kubwa za Nairobi zina kliniki ya kazi hiyo. Pasipo kliniki, atakuja wodini jioni ya kuamkia siku.

Atakuuliza kuhusu miraa na muguka. Jibu ukweli. Majani hayo yana kathinoni, ambayo hufanya kazi kama adrenalini: hupandisha presha, huharakisha mapigo, huondoa usingizi. Aliyetafuna usiku kucha akalala mezani asubuhi huja na moyo uliokwisha kuchokozwa. Dawa ya kulaza ikiingia presha inaweza kuporomoka, na gesi ikijazwa ikaruka juu. Wazee wengi hukana swali hili mbele ya watoto wao. Nimewahi kumuuliza mzee mmoja, binti yake akiwa kando ya kitanda, akatikisa kichwa kwa heshima zote. Binti alipotoka kununua maji, mzee akanishika mkono: "Daktari, natafuna kila siku baada ya alasiri. Usiniandike vibaya." Hakuna aliyemwandika vibaya. Tulipanga siku nyingine, akaacha wiki nzima, na alipokuja mapigo yake yalikuwa ya mtu aliyelala. Kama kuna jambo hutaki watu wa nyumbani walisikie, mwombe sista akupe dakika tano peke yako na daktari. Ni haki yako.

Pombe, bangi, kuberi (tumbaku ya mdomoni), sigara, vinywaji vya kuongeza nguvu, dawa za mitishamba na za kupunguza uzito, vyote viingie kwenye orodha. Mnywaji wa pombe wa kila siku huhitaji dozi tofauti ya kutuliza, na akiacha ghafla presha yake hupanda kwa sababu nyingine kabisa.

Kisha mambo matatu ambayo watu huona hayahusiani. Je, unakoroma mpaka mwenzako anakuamsha akidhani umeacha kupumua? Je, mapigo yako kwa kawaida ni ya polepole, chini ya 55, au umewahi kuzimia? Je, kuna mtu wa ukoo aliyepata shida na dawa za usingizi? La kwanza linaweza kufuta kabisa dawa ya kutuliza wodini. La pili linafuta baadhi yake. La tatu linabadilisha mpango mzima.

Hatua ya nne: zungumzia dawa ya kutuliza, na uulize ni ya kazi gani

Wagonjwa huziweka dawa hizi zote kapu moja. Haziko kapu moja.

Midazolamu na diazepamu huondoa wasiwasi na kumbukumbu. Midazolamu ya kumeza huanza kufanya kazi baada ya dakika 15 hadi 30. Ya mshipani ndani ya dakika mbili tatu. Kwa mtoto anayeshikilia shingo ya mama yake mlangoni pa thieta, midazolamu ya kunywa ni msaada mkubwa sana. Kwa mtu mzima, itakutuliza, lakini haizuii sana presha kuruka pale mrija wa kupumulia unapopitishwa kooni au gesi inapojazwa. Mwaka 2015 utafiti wa Ufaransa wa watu zaidi ya 1,000 ulilinganisha lorazepamu, kidonge bandia na kutopewa chochote. Waliopewa lorazepamu hawakuridhika zaidi na huduma waliyopata, walichelewa kutolewa mrija, dakika 17 kwa 12 za wasiopewa kitu, na akili zao zilichelewa kurudi sawa. Kwa wazee dawa hizi huleta kuchanganyikiwa baada ya upasuaji. Mtu wa miaka 75 simpi, na nikiombwa na wanawe hukaa nao nikawaeleza kwa nini.

Klonidini na deksmedetomidini ni jamii nyingine. Hizi huenda kwenye chanzo, kule ubongo unakotoa amri ya kumwaga adrenalini, zikaipunguza. Mgonjwa hutulia kama aliyesinzia garini, ukimwita huamka. Tafiti nyingi ndogo za upasuaji wa nyongo kwa matundu zimeonyesha kwamba anayepewa mojawapo kabla, presha na mapigo yake hupanda kidogo tu gesi inapoingia, na dawa za usingizi na za maumivu anazohitaji hupungua. Klonidini hutolewa kwa mdomo, mara nyingi mikrogramu 150, saa moja hadi moja na nusu kabla. Deksmedetomidini hupita mshipani, kwa kawaida hadi mikrogramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kwa dakika 10 bila kuharakishwa, maana ikisukumwa haraka presha hupanda kwanza kabla ya kushuka. Hii hutolewa mgonjwa akiwa ameshaunganishwa na skrini, kamwe si wodini.

Bei ya utulivu huo ni moyo kwenda polepole na presha kushuka. Utafiti wa kimataifa wa 2014, wa zaidi ya watu 10,000 wenye ugonjwa wa moyo na mishipa au walio hatarini kuupata, uliwapa klonidini wakati wa upasuaji wa aina mbalimbali: haikupunguza vifo wala mshtuko wa moyo, na ikaongeza kushuka kwa presha na visa vya moyo kusimama ambavyo havikuua. Kwa hiyo simpi mwenye mapigo ya polepole, wala aliyekaa bila maji tangu jana, wala mzee anayetumia atenololi pamoja na losartani. Nampa mtu mwenye nguvu, presha yake iko juu kidogo kwa wasiwasi, na mpasuaji nimjuaye kwamba hujaza gesi polepole.

Pregabalini na gabapentini, dawa za maumivu ya neva, nazo hutumika katika baadhi ya hospitali. Hutuliza, hupunguza kidogo ule mruko wa presha, lakini huacha kizunguzungu, na zikichanganywa na mofini hupunguza pumzi.

Pumzi ni jambo la kuangaliwa Nairobi. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na akiba ya oksijeni ni ndogo kuliko ya mtu aliye Mombasa. Mgonjwa aliyetulizwa akaachwa peke yake kwenye kitanda cha magurudumu, koridoni, bila kipimo cha oksijeni kidoleni, hayuko salama. Ukipewa dawa ya kutuliza wodini, kuanzia dakika ile usishuke kitandani bila kushikwa, na msindikizaji asiondoke kando yako mpaka sista akupokeze kwa watu wa thieta.

Basi uliza maswali haya, kwa adabu na bila woga: Dawa hii ni ya kuondoa hofu au ya kuzuia presha kupanda? Mtanipa wapi, na nani atakuwa ananiangalia? Kwa mapigo yangu na dawa ninazotumia, itanifaa? Jibu "hatutakupa" linaweza kuwa ndilo jibu zuri zaidi utakalopata. Mara nyingi mpango ninaouona bora ni huu: hakuna kidonge wodini; mgonjwa aingie thieta akiwa macho, afungwe vipimo, awekewe dripu, kisha apewe midazolamu miligramu moja au mbili pale pale akiwa anatazamwa.

Na kuna tiba isiyo na dripu. Mama mmoja alipimwa wodini 168 kwa 98, akaomba "sindano ya kulala nisijue kitu." Niliketi kitini kando ya kitanda badala ya kusimama, nikamweleza kila kitu kwa mpangilio: nani atamsukuma kitanda, thieta kuna baridi kiasi gani, atavuta oksijeni kwa kifuniko cha puani na mdomoni, atahisi mkono unachoma kidogo dawa ikiingia, kisha hatajua kitu mpaka asikie jina lake. "Mtaniita kwa jina gani?" akauliza. Nikamwambia atuchagulie. Akachagua jina la nyumbani, "Mama" likifuatwa na jina la mtoto wake wa kwanza. Tukapima tena, 146 kwa 88, na hakuwa amemeza kitu.

Usijinunulie dawa ya usingizi kemisti usiku wa kuamkia upasuaji, wala usimeze Piriton, dawa ya mzio, ili ulale. Ikiwa umekwisha kumeza, sema umemeza nini na saa ngapi.

Hatua ya tano: usiku na asubuhi yenyewe

Chakula kikome muda wa saa sita kabla ya upasuaji. Maji matupu mpaka zibaki saa mbili. Hapa pana kosa linalofanyika kila siku katika mji huu: chai ya maziwa huhesabiwa kama chakula, na uji pia. Ukiwa umepangiwa saa nne asubuhi, chai ya maziwa imekwisha tangu saa kumi alfajiri, lakini maji au strungi isiyo na maziwa unaweza kunywa hadi saa mbili asubuhi. Kunywa kweli. Mtu aliyekaa na kiu tangu jioni ana damu iliyopungua maji. Mlaze, mjaze gesi, inua kichwa, muongezee klonidini, presha itaporomoka, na hapo itaonekana kama dawa ndiyo mbaya. Orodha ikichelewa, na huchelewa, msindikizaji aulize tena: "Anaweza kupewa maji?" Mwenye mimba, kiungulia kikali au kisukari cha muda mrefu apewe saa zake na daktari.

Fomu ya idhini isainiwe kabla ya dawa yoyote ya kutuliza. Hili nalisisitiza. Mtu aliyepewa midazolamu anaweza kuitikia, kucheka, kutia sahihi, na baadaye asikumbuke hata neno moja. Kwa sababu hiyohiyo, maelezo yote ya daktari baada ya dawa yasikilizwe na msindikizaji na yaandikwe.

Nenda msalani kabla ya kidonge. Ondoa rangi ya kucha; kama una piko nyeusi vidoleni mwambie sista, kipimo cha oksijeni kinaweza kuwekwa sikioni. Meno bandia, vito na miwani apewe wa kwenu.

Hatua ya sita: ukiwa umelala

Huna la kufanya hapa, ila ni vizuri kujua kinachofanywa kwa ajili yako, na uyaulize siku ya kliniki.

Kabla ya kukulaza, timu hutaja jina lako, upasuaji na mzio wako kwa sauti, kulingana na orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani. Presha hupimwa angalau kila dakika tano, na mara nyingi zaidi wakati wa gesi kuingia. Gesi huanza na mtiririko mdogo, lita moja au mbili kwa dakika, kisha hupandishwa. Mpasuaji hutumia presha ya chini kabisa inayompa nafasi ya kuona. Presha ya milimita 8 hadi 10 hutosha kwa baadhi ya wagonjwa, na huo ndio msaada mkubwa kwa moyo kuliko dawa yoyote niliyoitaja. Kitanda huinamishwa taratibu. Gesi unayotoa kwa pumzi hupimwa ili mashine iongezewe kasi inapobidi. Lengo letu ni kuweka presha yako karibu na ya nyumbani, isitofautiane kwa zaidi ya asilimia 20, na wastani wake (kati ya namba ya juu na ya chini) usishuke chini ya 65, kwa sababu chini ya hapo figo na moyo huanza kuumia. Hapo ndipo daftari lako linafanya kazi: bila hilo hatujui asilimia 20 ya nini.

Hatua ya saba: kuamka na kurudi nyumbani

Presha ikiwa juu chumba cha kuamkia, sababu za kawaida ni maumivu, baridi ya kutetemeka na kibofu kilichojaa. Sema unachohisi kabla hujapewa dawa ya presha. Ikiwa chini, huenda bado ni klonidini au deksmedetomidini, lakini lazima shaka ya kuvuja damu ndani iondolewe kwanza. Msindikizaji asikubali jibu la "ni dawa tu" ikiwa mgonjwa amepauka, anatoka jasho baridi na mapigo yanakimbia.

Bega la kulia linaweza kuuma siku moja hadi tatu. Kiwambo cha kifua kilichochokozwa na gesi ndicho kinachopeleka maumivu huko. Kutembea kidogo kidogo na dawa ya maumivu hutosha.

Amka kwa vituo: kaa ukingoni mwa kitanda dakika chache, simama umeshikwa, ndipo utembee. Kwa saa 24 usiendeshe gari, usipande bodaboda, usitie sahihi makubaliano ya pesa, usikae na mtoto mchanga peke yako. Kama ni matatu, iwe na mtu kando yako, ingawa teksi hadi mlangoni ni bora.

Dawa za presha zilizosimamishwa ziwe na tarehe ya kurudi, imeandikwa kwenye karatasi ya kutoka. Losartani na enalaprili kwa kawaida hurudishwa ndani ya siku mbili presha ikiwa sawa na mgonjwa anakunywa maji vizuri. Watu wengi husahau miezi mitatu, wakarudi kliniki na 190. Endelea na daftari lako asubuhi na jioni kwa wiki moja.

Rudi hospitali usiku huohuo ukizimia, ukipata maumivu ya kifua, ukishindwa kupumua, tumbo likivimba na kuuma zaidi badala ya kupungua, macho yakiwa ya manjano, homa ikipanda, au ukilala usingizi ambao watu wa nyumbani wanashindwa kukuamsha. Kabla ya kutoka wodini omba namba ya simu inayopokelewa usiku, uipige ukiwa bado pale ili ujue inaita wapi.